Mnapikia Nini, na Wapi?

Nilipopangiwa kufundisha shule ya kata huko Bashay, wilaya ya Mbulu, mkuu wa shule alikuwa bado anatumia karatasi za barua zilizochapwa "Mkoa wa Arusha". Alikuwa analikata neno la mwisho kwa kalamu na kuandika Manyara juu yake kwa herufi za kubanana, kwa sababu mkoa ulikuwa umegawanywa na karatasi za zamani zilikuwa hazijaisha. Barua yangu ya kupokelewa kazini ninayo hadi leo. Kila nikiiona nakumbuka kwanza baridi ya ofisi ile, ndipo mengine yanafuata.

Mimi ni mtu wa Tabora. Baridi niliyokulia ni ya alfajiri za Juni, jua likitoka nayo inaaga. Ya Mbulu iliamka na wewe, ikaingia nawe darasani, na jioni ikarudi nawe nyumbani. Kuna siku ukungu ulikaa hadi saa tano asubuhi, na wanafunzi wa safu ya nyuma niliwasikia tu wakikohoa kabla sijawaona vizuri. Wenyeji walivaa makoti, wakajitanda mablanketi, wakaendelea na ng'ombe wao na maharage yao. Sisi wageni tulitetemeka mbele ya watoto bila aibu.

Ninaposema sisi, nasema mimi na mwenzangu, mwalimu wa historia aliyetoka Lindi. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Yeye mpole wa maneno machache, mimi msemaji. Tulipewa nyumba moja ya walimu, vyumba viwili na sebule ndogo. Wiki ya kwanza tuliitana "mwalimu". Wiki ya pili tukaitana "dada".

Siku ya tatu mwalimu mmoja wa kiume, mgeni kama sisi ila aliyetutangulia kwa miaka, alituambia habari za nyumba ile. Kabla yetu alikuwa akikaa humo kijana mmoja wa hisabati, mtu wa Pwani. Mwaka uliotangulia, msimu wa baridi, alilala mzima na asubuhi hakutokea mstarini. Walipousukuma mlango walimkuta amekwisha kufariki, amelala ubavu, uso umetulia. Watu wakasema moyo, wengine wakasema kifafa cha ukubwani. Maiti ikasafirishwa kwao.

"Jioni ile," yule mwalimu akasema, akipunguza sauti, "yule bibi jirani yenu alimletea maziwa."

"Maziwa?" nikauliza.

"Kwenye kibuyu. Mimi sisemi kitu. Nawaambia tu alimletea maziwa."

Bibi huyo tulikuwa tumeshamwona. Alikuwa mjane, mrefu, mgongo ulioanza kuinama, na nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati kukiwa na shamba dogo la mahindi. Siku ya kwanza tulimwamkia shikamoo naye akatuitikia kwa furaha, akatuonyesha kwa mkono chemchemi ilipo. Baada ya habari ile ya maziwa tulianza kumwamkia kwa haraka, huku miguu ikiwa tayari inaondoka.

Stoo ya nyuma tulikuta vitu vya marehemu ambavyo havikusafirishwa: ndoo isiyo na mpini, fungu la mitihani ya kidato cha pili ambayo haikusahihishwa, na jiko la mkaa la udongo lililovikwa bati, mkono mmoja umekatika. Lilikuwa jiko zuri. Tukalisafisha tukalitumia.

Mwezi wa sita mambo yakaanza. Tulikuwa tunapika nje, kwenye kibanda. Tukimaliza, mkaa ukiwa umeshika vizuri, mwekundu usio na moshi hata kidogo, tulikuwa tunaliingiza jiko sebuleni, tunafunga mlango, tunaketi kusahihisha madaftari. Dirisha la sebule lilikuwa limepoteza kioo kimoja. Tulikuwa tumelikingia nailoni na gunia, tukajisifu kwamba hata upepo wa Mbulu tumeuweza.

Asubuhi tuliamka vichwa vinauma, vinauma kama mtu amekufunga kamba akaikaza. Miguu ilikuwa mizito. Mwenzangu alikuwa akitapika kabla ya chai. Tukifika shuleni, ikifika saa nne au saa tano, tulikuwa wazima. Jioni, tukiwa tumeketi na madaftari, nilianza kusikia hatua. Mtu anatembea kutoka mlango wa chumba changu kwenda dirishani, anasimama. Nikiinua uso, hakuna mtu. Sikumwambia mwenzangu. Siku moja yeye mwenyewe akaweka kalamu chini akaniuliza, "Dada, na wewe unamsikia?"

Sikumuuliza nani. Sote wawili tulijua tunamsema marehemu wa hisabati.

Tulikuwa na kuku wawili, tukiwalaza sebuleni ndani ya tenga kwa kuogopa vicheche. Asubuhi moja tukawakuta wote wawili wamekufa, hawana jeraha. Hapo ndipo hofu ilipotushika sawasawa. Mwenzangu alibandika aya juu ya mlango wa chumba chake. Mimi nikatundika rozari juu ya wangu. Tulipima malaria zahanati, hatukuwa nayo. Habari za kuku zikafika ofisi ya walimu, zikatoka huko zikiwa zimeongezeka. Naomba niseme ukweli hapa: wenyeji wa pale sio waliovumisha sana habari za bibi. Ni sisi, watu wa kuja, wenye vyeti, tuliokuwa tukinong'ona wakati wa chai ya saa nne.

Asubuhi moja ya ukungu nilikutana na bibi kwenye kijia cha chemchemi. Kijia ni chembamba. Alisimama pembeni anipishe, akaningoja nimwamkie. Nilipita nikitazama majani, sikufungua mdomo. Nilipokuwa nimeshampita hatua tatu nne, nikamsikia nyuma yangu akisema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Aliitikia salamu ambayo sikuitoa. Sikugeuka.

Katikati ya Julai binti yake alikuja kutoka Getanuwas, Hanang, akamchukua. Hakukuwa na ugomvi wala mkutano. Hakuna aliyemfukuza. Watu walikuwa tu wameacha kununua maziwa yake, na watoto walikuwa wakikimbia akipita. Nilimwona akifunga mlango wake kwa kufuli, akijaribu kuuvuta mara mbili kuhakikisha, halafu wakaenda zao kupanda gari Dongobesh. Mwenzangu na mimi tulikuwa dirishani. Ninaona aibu kuandika hivi, lakini tulishukuru Mungu, kila mmoja kwa namna yake.

Kisha tukaendelea kuumwa.

Hilo ndilo lililonishtua. Wiki nzima ilipita, nyumba ya bibi imefungwa, mahindi yake yanakaukia shambani, na sisi bado tunaamka vichwa vimefungwa kamba. Mwenzangu akasema, "Ameondoka, lakini pepo lake ameliacha humu." Mimi nikaanza kusita. Kama mtu ameshakwenda mbali kiasi kile na sisi hali yetu ni ile ile, huenda tulikuwa tunamtazama mtu asiye yeye.

Nilikuwa na simu ya vitufe yenye intaneti, na tangu chuoni nilikuwa mwanachama wa jukwaa moja la mtandaoni ambako Watanzania wanajadili kila kitu, kuanzia siasa hadi minyoo ya mbuzi. Bashay mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye kilima cha kanisa, kama robo saa kwa miguu kutoka kwetu. Nilikuwa nimeshapanda huko mara kadhaa tangu Juni kutafuta msaada, nikarudi mikono mitupu. Nataka nieleze nilivyotafuta, maana hapo ndipo tulipoponea.

Mara ya kwanza niliandika nilichokuwa nakiamini: nyumba ina mapepo. Zikaja nyuzi, yaani mijadala ya watu, zisizohesabika. Mtu kasikia sufuria zinagongana usiku; mwingine kafukua hirizi kizingitini; chini yao wote watu wameacha namba za waganga na za wachungaji. Nilisoma mpaka betri ikakaribia kuisha, nikashuka kilimani ninaogopa zaidi ya nilivyopanda. Jukwaa lilikuwa limenirudishia hofu yangu mwenyewe, imezidishwa.

Mara ya pili niliandika: kichwa kinauma. Kunywa maji, wakasema. Pima macho. Acha kahawa. Pima malaria.

Jumamosi ile ya mwisho wa Julai nilipanda tena. Kulikuwa na manyunyu. Mwenzangu alibaki nyumbani, alikuwa na maumivu ya tumbo ya kila mwezi, akasema atajilaza. Nikaketi kwenye ngazi ya kanisa, chini ya bati lililotokeza, nikafikiri kama mwalimu wa Kiswahili, kazi iliyonileta huku. Mashine ile ya kutafutia haijui Kiswahili. Kwetu sisi "naumwa", "tunaumwa" na "kuumwa" ni ndugu wa tumbo moja. Kwake yeye ni maneno matatu yasiyojuana. Ukiandika la kwanza, hakuletei la pili. Na mtu mwenye shida kama yangu, asiyejua jina la shida yake, hawezi kuandika jina. Ataandika nini? Ataandika yaliyompata. Atasema "tunaamka", atasema "asubuhi", atasema kwamba wakitoka nje wanapata nafuu. Tangu Juni nilikuwa natafuta jibu langu mwenyewe badala ya kumtafuta mtu mwenye maneno yangu.

Nikaandika "nje". Jukwaa likakataa, likasema neno ni fupi mno. Nikaandika "tukitoka", nikaongeza "asubuhi" na "nafuu". Hakuna kilichopatikana. Nilikuwa karibu kuifunga simu nilipoona chini ya kile kisanduku cha kuandikia alama ndogo ya tiki, na maneno pembeni yake: tafuta katika vichwa vya nyuzi tu. Tiki ile ilikuwepo miaka yote niliyokuwa mwanachama. Na vichwa vya nyuzi, kila aliyewahi kuingia jukwaani anavijua: "Wakuu, msaada", "Naombeni ushauri", "Hii imekaaje?" Havisemi kitu. Shida yenyewe imo ndani. Nikaiondoa tiki, nikatafuta upya.

Zikaja nyuzi tatu. Moja ya mtu anayeuza shamba. Moja ya siasa. Ya tatu ilikuwa ya miaka ya nyuma, kichwa chake "Wakuu naombeni msaada wa haraka".

Aliyeiandika alisema anaishi Makete na mkewe. Alisema wanaamka vichwa vinauma na miguu haina nguvu, mke anasikia watu wakitembea ndani, na wakitoka kwenda shamba wanapata nafuu, wakirudi inaanza upya. Ilikuwa kama kusoma barua niliyoiandika mwenyewe nikaisahau.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mzaha. Mkeo mjamzito, hongera. Hameni. Mmerogwa na majirani, mna nini cha maana? Nusura niishie hapo. Lakini ukurasa wa pili, katikati ya wale wanaocheka, mtu mmoja alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Mkuu, mnapikia nini, na mnapikia wapi?"

Mleta uzi akajibu: "Mkaa. Tunapikia nje ila tunaliingiza jiko ndani kwa sababu ya baridi."

Yule muulizaji akarudi baada ya kama saa nzima. "Toeni jiko nje sasa hivi, fungueni milango na madirisha. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu. Haina moshi, haina harufu. Nendeni hospitali leo, msingoje kesho."

Baada ya hapo hakukuwa na mzaha tena. Mkuu, umesoma? Mleta uzi, uko wapi? Lete mrejesho basi. Mkuu? Waliendelea kumwita siku kadhaa, halafu mmoja mmoja wakanyamaza. Nilifungua jina lake nione mara ya mwisho alionekana lini. Ilikuwa siku ile ile, dakika chache baada ya kujibu habari za jiko. Alikuwa ameondoka jukwaani kabla jibu halijaandikwa.

Sijui nilikaa na ile simu mkononi kwa muda gani. Sumu ile niliisoma kidato cha pili, nikakariri jina lake la Kiingereza, nikapata vema kwenye mtihani. Kisha nikakumbuka kwamba mwenzangu, nilipokuwa natoka, aliniomba nimsogezee jiko karibu na kochi. Na mimi, kwa kumhurumia, nilisogeza, nikaongeza mkaa, nikafunga mlango vizuri.

Nilikimbia. Nilianguka mara moja penye tope, nikaacha kiatu kimoja. Mlango mwenzangu alikuwa ameukomea kwa ndani baada ya mimi kutoka, nikaupiga kwa mabega nikiita jina lake. Mzee mmoja aliyekuwa akiswaga punda wenye magunia aliwaacha akaja, akaupiga teke mlango ukafunguka. Mwenzangu alikuwa sakafuni, katikati ya kochi na mlango, mkono mmoja umenyooka. Mashavu yake yalikuwa yana rangi nzuri, ya mtu mwenye afya. Hiyo ndiyo inayonirudia mpaka leo, ile rangi nzuri.

"Amekufa?" mzee akauliza.

"Tumtoe nje, baba. Tumtoe nje tu."

Tulimlaza kwenye majani yenye manyunyu. Mzee akavua koti lake akamfunika. Baada ya muda mrefu akavuta pumzi kwa kelele, akatapika. Gari la mtu mmoja aliyekuwa akipakia viazi likatupeleka hospitalini Mbulu, akawekewa hewa safi, akalala huko siku tano.

Alipona, ila hakurudi kama alivyokuwa. Alikuwa akisimama darasani akasahau neno, la kawaida kabisa, "ubao" au "chaki", akabaki amekinyooshea kidole kitu chenyewe. Majina ya wanafunzi yalimpotea. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho wa kurudi kusini, akapewa. Tunapigiana simu siku za sikukuu zake na zangu. Hajawahi kuniuliza ni nani aliyesogeza jiko siku ile, nami sijawahi kumwambia.

Kijana wa hisabati sasa tulijua aliuawa na nini. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote. Alinisikiliza, akageuza kalamu mkononi, akasema, "Mwalimu, aliyekufa ameshakufa. Mambo haya yaache yapite."

"Na bibi aliyeondoka?"

"Bibi yuko kwa mwanawe. Atakuwa salama."

Likizo ya Desemba, kabla ya kwenda Tabora, nilipanda gari Dongobesh nikashukia Katesh, nikamalizia kwa pikipiki mpaka Getanuwas. Niliuliza nyumba hadi nyumba. Nilimkuta bibi ameketi juani kwenye kigoda, akichambua maharage kwenye ungo, na binti yake, mwanamke wa makamo, akikamua ng'ombe karibu naye. Nilimwamkia. Alinitazama sana kabla ya kuitikia, lakini aliitikia. Wakanipa kigoda na maziwa. Nikayanywa yote.

Kisha nikapiga magoti, nikasema, "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Tulikudhania vibaya. Yule mwalimu hakurogwa na mtu. Aliuawa na hewa ya mkaa. Sisi wenyewe tulikuwa tunakwenda njia hiyo hiyo."

Kiswahili changu kilikuwa cha haraka mno kwake, binti akamrudishia kwa Kiiraqw. Bibi aliacha maharage.

"Mkaa upi?" akaniuliza.

"Wa jiko, mama. Aliliingiza jiko ndani, akajifungia kwa ajili ya baridi."

"Jiko la udongo? La mkono mmoja?"

"Ndiyo. Tulilikuta stoo."

Aliongea na binti yake kwa lugha yao, maneno machache, taratibu. Binti hakunitafsiria. Nikamtazama. Alikuwa amesimama na kopo la maziwa mkononi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema jiko ni lake," akajibu. "Alimpa yule kijana alipoona anatetemeka. Jioni ile alipompelekea maziwa alimkuta ameshaliwasha, amekaa karibu nalo. Alipotoka akamfungia mlango yeye mwenyewe, kwa nje, akaukaza, ili baridi isimwingilie."

Nilisema, "Mama, hukujua. Hata sisi tuliosoma hatukujua." Nilisema mara nyingi, kwa namna nyingi. Bibi alikuwa akiitazama mikono yake.

"Watu walisema nimemuua," akasema hatimaye, kwa Kiswahili, ili nisikie mwenyewe. "Na mimi nililala usingizi. Kila siku nililala, kwa sababu nilijua sikumuua."

Baadaye aliurudisha ungo mapajani lakini hakuchambua.

Binti alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika mahali ambapo mama yake hawezi kutusikia akasimama. "Ulikuja kufanya nini hapa, mwalimu?"

"Kusema ukweli."

"Ukweli ungeusema kule kwenu shuleni. Huko ndiko walikokuwa hawaujui. Mama alikuwa ameshaanza kucheka na wajukuu."

Nilimwandikia namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi, akakipokea. Alinipa mkono, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akarudi.

Shule zilipofunguliwa nilisema. Nilisimama ofisi ya walimu nikaeleza, nikaomba nafasi baada ya misa nikaeleza tena. Wengine walitikisa kichwa, wakatoa majiko nje. Yule mwalimu wa maziwa alisema, "Inawezekana. Lakini kwa nini siku ile ile aliyoleta maziwa?" Nyumba ya bibi ilibaki na kufuli mpaka bati likaanza kung'oka.

Niliandika pia jukwaani. Uzi wangu nilifikiri sana jinsi ya kuupa kichwa. Kama ningeuita "Hatari ya hewa ya mkaa", angeuona yule anayejua tayari. Nikauita "Nyumba yangu ina mapepo, nasikia hatua, naombeni msaada". Ndani nikaweka habari yote, na humo nikatawanya maneno kwa sura zake zote, naumwa na tunaumwa na anaumwa, naamka na tunaamka, kutapika na anatapika, hata yale ambayo watu huyakosea herufi. Wengi walinitukana kwamba kichwa hakilingani na habari. Msimamizi mmoja alitaka kukibadilisha, nikamwandikia faraghani nikimsihi, akaniachia.

Watu huwa wanaupata. Unaweza kupita mwaka mzima kimya, halafu msimu wa baridi mtu ananiandikia kwamba alikuwa anatafuta dawa ya mapepo akakuta mkaa. Namuuliza anapikia nini, na wapi. Wengine hurudi kushukuru. Wengine wananijibu mara moja, wananyamaza, na mimi nakaa na simu siku nzima nikifungua jina lao kuona kama wameonekana. Uzi wa yule mtu wa Makete naufungua bado. Nimeshaandika humo mara mbili: "Mkuu, uko wapi?" Najua haifai kitu. Naandika.

Miaka ilipita, nikahamia shule nyingine, Hanang. Mwaka juzi nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti niliitambua kabla hajajitaja. Alikuwa binti wa yule bibi. Kumbe namba yangu alikuwa ameihifadhi tangu siku ile.

"Mwalimu, mtoto wangu amechaguliwa kidato cha tano, ni mbali, ni baridi, wamepanga chumba na wenzake," akasema bila kuzunguka. "Nimemkataza kulala na jiko. Ananiambia mimi ni mama wa kijijini, nijue nini. Nimesikia uliandika. Aitafuteje hiyo habari aisome mwenyewe?"

Nilimweleza taratibu, neno kwa neno, naye akawa anayarudia kwa sauti, na nyuma yake nikasikia kalamu ya mtu ikiandika. Akanishukuru. Nikakusanya moyo nikamuuliza habari za mama yake.

"Yupo," akasema. "Ila haoti moto tena. Tangu ulipokuja. Hata mwezi wa saba, sisi tukiota, yeye anakaa kule mlangoni. Tunamwongezea blanketi."

Nikamwambia nitamtumia blanketi. Akasema wanayo ya kutosha, akaniaga vizuri, simu ikakatika.